Kaa Juani, Sawa: Lakini Dakika Ngapi?

Hotuba ya tabibu wa ngozi kwa wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, na familia zao, Bagamoyo, kuelekea Siku ya Soriasisi Duniani, 29 Oktoba

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Wa asalaam aleikum, asalaam aleikum. Wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Waheshimiwa mlioko meza kuu mtaniwia radhi, itifaki wameshaizingatia walionitangulia, na jua nalo halisubiri mtu. Nimeomba turubai livutwe upande huu kwa sababu safu ya nyuma ilishaanza kuota jua. Haitapendeza nizungumzie kuungua na jua huku wasikilizaji wangu wanaungua.

Nina jambo moja tu leo. Wengi wenu mmeambiwa kwamba soriasisi inataka jua. Kawaambia nesi, kawaambia jirani, na siku hizi inawaambia simu. "Kaa juani, hayo magamba yatakwisha." Hawakudanganya. Lakini nani kati yenu aliambiwa akae dakika ngapi? Saa ngapi? Sehemu gani ya mwili iwe wazi na ipi ifunikwe? Ukienda duka la dawa ukapewa vidonge bila kuambiwa kutwa mara ngapi, utarudi dirishani kuuliza. Jua tunapewa hivihivi, bila kipimo, halafu mtu anarudi kliniki mgongo mzima umevimba, na baada ya wiki mbili mabaka yamejaa mahali ambapo hayakuwahi kuwepo. Anasema: tabibu, ulinidanganya.

Sisi watu wa afya tunastahili lawama hiyo. Tuanze basi na kipimo.

Mwanga kutibu ngozi ni elimu ya zamani. Mwaka 1903 daktari wa Denmark, Niels Finsen, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1925 daktari wa Marekani, William Goeckerman, akaonyesha kwamba ukipaka lami ya makaa ya mawe kwenye mabaka ya soriasisi kisha ukayamulika kwa mionzi ya UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, yanalainika na kufifia. Leo hospitali zenye uwezo zina mashine inayotoa kipande kidogo tu cha mionzi hiyo, chenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 311, na mgonjwa anasimama ndani yake mara mbili au tatu kwa wiki. Hapa kwetu mashine hizo ni chache, lakini namna zinavyotumika inatufundisha kitu. Kabla ya kuanza, mtaalamu anaweza kupima ni kiasi gani kidogo kabisa cha mionzi kinachoanza kuiwasha ngozi yako wewe. Kisha anaanza na kiasi kilicho chini ya hapo, mara nyingi asilimia 70 hivi, na kupandisha polepole. Mgonjwa akija ngozi inamuuma, siku hiyo hamuliki. Tiba yote imejengwa juu ya sharti hilo: ngozi isiungue.

Kuna kijana aliniletea simu, akanionyesha wazungu wamelala ufukweni Bahari ya Chumvi, kule kati ya Israeli na Yordani, wanatibiwa soriasisi kwa jua. Akaniuliza kwa nini yeye asilale ufukweni pale Kaole, hapahapa Bagamoyo. Swali zuri. Bahari ya Chumvi iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari zote, na tabaka la hewa lililo juu yake ni nene, linachuja sehemu kubwa ya mionzi ile inayobabua. Hata hivyo, wanaotibiwa pale huanza na dakika chache tu kwa siku na kuongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Bagamoyo iko nyuzi sita na kitu kusini mwa Ikweta. Jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba. Maana yake Siku ya Soriasisi Duniani inatukuta sisi wa pwani jua ndiyo kwanza limepita juu ya vichwa vyetu. Ukilala Kaole saa sita mchana kwa kuiga video ya Bahari ya Chumvi, umeiga pozi, kipimo umekiacha kwenye simu.

Sasa kwa nini kuungua kunaamsha soriasisi? Mnajua tayari kwamba huu ugonjwa hauambukizi, na haukuletwa na uchafu. Kinga ya mwili inaihimiza ngozi ijizalishe kwa haraka isiyo ya lazima. Chembe ya ngozi ambayo kwa kawaida huchukua karibu mwezi kutoka chini hadi kupukutika juu, kwenye baka la soriasisi inamaliza safari hiyo kwa siku chache tu. Ndiyo hayo magamba. Kinga ya mtu mwenye soriasisi iko macho muda wote, na jeraha lolote la ngozi linaweza kuichokoza.

Aliyeliona hili vizuri ni daktari Mjerumani, Heinrich Koebner, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Mwaka 1872 alieleza habari za mgonjwa ambaye soriasisi ilimtokea palepale alipokwaruzika, palepale alipong'atwa na farasi, na juu ya tatuu yake kwa kuifuata michoro. Tangu hapo tabia hiyo inaitwa kwa jina lake. Huonekana kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne. Mikwaruzo huileta, kamba ya mkoba inayokata bega huileta, mshono wa upasuaji huileta, na kuungua na jua huileta, kwa sababu kuungua na jua ni jeraha la moto hata kama hukuona moto.

Na hapa ndipo watu wanapopotea. Soriasisi haitokei siku ile uliyoungua. Siku ile unaumwa, kesho unaumwa, siku ya nne au ya tano unababuka, wiki inaisha unasema alhamdulillahi nimepona. Halafu, mara nyingi kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne, vinatokea vijidoa vidogo vyenye magamba. Wakati huo jua ulishalisahau. Unatafuta mchawi. Unasema ni pweza niliyekula juzi, ni sabuni mpya, ni shemeji aliyekuja na maneno yake. Mimi mgonjwa akiniambia imeamka ghafla, namwambia turudi nyuma wiki mbili: ulikuwa wapi? Mara nyingi kulikuwa na harusi ufukweni, au wiki ya mavuno, au safari ndefu ya bodaboda. Na mara nyingine ngozi yenyewe inatoa ushahidi, unakuta mabaka yamepangika kwa kufuata shingo ya fulana, au yanaishia pale mkono wa shati ulipoishia.

Nasikia mtu pale anasema sisi weusi hatuungui. Tunaungua, mama yangu. Weusi wetu ni kinga kweli, lakini kinga hiyo haifiki hata ya losheni ya jua iliyoandikwa SPF 15, yaani kipimo cha uwezo wake wa kukinga. Ila hatugeuki wekundu kama pilipili, ndiyo maana tunajidanganya. Kwenye ngozi nyeusi kuungua unakutambua kwa mkono kuliko kwa jicho: ngozi ina joto hata baada ya kuoga, inavuta, inauma ukivaa sidiria au ukiegemea kiti, inawasha usiku, inakuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, kisha inababuka. Ukisubiri wekundu wa kwenye vitabu utasubiri sana.

Niseme na jambo ambalo wenye soriasisi mnalijua kuliko mimi. Mtu wa kawaida mikono yake imezoea jua tangu utotoni. Wewe umeificha yako. Mikono mirefu mwaka mzima, suruali hata kwenye joto la Februari, mtandio umefungwa mpaka kidevuni, kwa sababu umechoka kuulizwa "hiyo ni nini?" na kuona watu wanasogea kwenye daladala. Ngozi hiyo haijaonja jua kwa miaka. Siku unayoambiwa kaa juani, unajifungia uani, unavua yote kwa mara ya kwanza, na unakaa saa nzima kwa sababu unataka kupona haraka. Ngozi ya mgongo wako siku hiyo ni ngeni kwa jua kama ya mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi ile. Kwa hiyo usianze kama mtu anayefidia miaka.

Kipimo basi. Kwanza uliza kliniki kama jua linakufaa kabisa, kwa sababu wapo wachache ambao soriasisi yao inachachamaa kwa jua hata bila kuungua, na hao wajifunike tu. Kama umeruhusiwa, fungua mabaka, funika kilichobaki. Toka kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Anza na dakika tano. Siku inayofuata usitoke. Ishike ngozi yako, iangalie. Kama haina joto wala maumivu, kesho kutwa rudia. Ongeza dakika chache kwa wiki, usiongeze kwa siku. Mafuta mazito ya mgando uyapake baada ya jua, kwa sababu yakiwa mazito juu ya baka yanazuia sehemu ya mionzi. Na ukiona kuna joto, acha mpaka litulie kabisa.

Mtaniuliza: na sisi ambao saa hatuchagui? Hilo ndilo linalonikera kwenye vipeperushi. Vinasema epuka jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kana kwamba kila mtu ana ofisi. Akina mama wa mwani wa Mlingotini wanafuata bamvua, na bamvua huku kwetu maji yanakupwa mchana mchana, saa nne, saa tano. Huwezi kuiambia bahari ikupwe alfajiri. Na pale ndipo pabaya hasa: mchanga mweupe unarudisha juu karibu asilimia 15 ya mionzi, povu la bahari asilimia 25, na nusu mita chini ya maji bado karibu asilimia 40 inafika. Umeinama, jua linakupiga mgongoni na kukurudia usoni kutoka chini.

Kwa hao ushauri wangu ni nguo kwanza, losheni baadaye. Nguo iliyofumwa kwa kubana, ya rangi iliyokolea, mikono mirefu, shingo imefunikwa, kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Uinue juani uangalie: ukiona mwanga unapenya, na mionzi inapenya. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba haikusaidii sana, na ikilowa ndiyo kabisa. Nenda na nguo kavu ya kubadilisha. Losheni ibaki kwa usoni, masikioni, mgongo wa kiganja na juu ya nyayo: SPF 30 au zaidi, isiyo na manukato, ikiwezekana yenye zinki oksidi ambayo haiwashi sana, ipakwe nene na irudiwe kila baada ya saa mbili. Najua bei yake. Kule Moshi inatengenezwa losheni kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, na ninatamani siku moja wenye magonjwa mengine ya ngozi nao wafikiriwe. Mpaka hapo, kitenge kizito ni rahisi kuliko chupa.

Madereva wa bodaboda, ninyi mnapigwa mgongo wa kiganja na mikono. Glovu nyepesi na shati la mikono mirefu vinatosha. Na msidanganywe na upepo. Upepo unapooza ngozi, mionzi haupunguzi. Vivyo hivyo wingu: wingu jepesi la vuli linaweza kupitisha asilimia 80 ya mionzi. Na ukienda kwa wakwe Lushoto kwenye baridi, kumbuka kila mita 1000 unazopanda mionzi inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Watu wanaungua wamevaa sweta kiunoni.

Kuna vitu vinavyoifanya ngozi iungue kabla ya wakati wake, na nawaomba hapa mnisikilize sana. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ni mojawapo. Septrini ni nyingine. Zipo dawa za presha za kukojoza, haidroklorothiazaidi, nazo zimo. Lami ya makaa ya mawe, ileile inayotibu mabaka, inaongeza ukali wa jua, kwa hiyo paka usiku. Usiache dawa ya daktari kwa sababu ya maneno yangu. Mwambie tu kwamba una soriasisi na unafanya kazi juani, mpange pamoja. Kisha ndimu. Mtu anawashwa, anakata ndimu anasugua, anatoka nje. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi yanaunguza, yanatoa malengelenge, na baada ya wiki mbili lile lengelenge limegeuka baka. Ndimu ibaki kwenye supu.

Na mkorogo. Sitawatania kuhusu mkorogo. Nyingi kati ya hizo krimu zisizo na lebo ya kueleweka zina steroidi kali, na ndiyo maana mwenye soriasisi akizipaka anaona ajabu: wiki ya kwanza magamba yamelala. Anafurahi, anapaka mwili mzima. Wakati huohuo weusi wake unaondoka na ngozi inakuwa nyembamba, kinga aliyozaliwa nayo inayeyuka. Siku anayoacha, au kopo linapoisha, ugonjwa unarudi kwa hasira kuliko ulivyoondoka, na ngozi iliyobaki inaungua kwa dakika. Wengi huanza kwa sababu ya yale madoa meusi yanayobaki baka likipona. Yale madoa si ugonjwa. Yanakaa miezi, yanafifia yenyewe, na jua kali ndilo linaloyachelewesha.

Haya, umeungua. Imeshatokea, huwezi kuirudisha. Ingia kivulini mara hiyo, usimalizie kazi. Maji ya mtungini yanatosha: lowesha kitambaa safi, weka, dakika kumi na tano, rudia mara kadhaa kwa siku. Barafu hapana, inaongeza jeraha. Dodoki hapana, jiwe hapana, sabuni ya dawa hapana. Usipake mafuta mazito ya mgando wakati ngozi bado inatoa joto. Ikishapoa, paka losheni laini isiyo na manukato, na endelea kuipaka kila ukimaliza kuoga. Kunywa maji, kunywa madafu ukipata. Parasetamoli kwa maumivu. Lengelenge usilitoboe. Vaa khanga au nguo pana isiyosugua.

Dawa zako za soriasisi nazo zipumzishe kwenye sehemu iliyoungua: lami, mafuta ya salisiliki, krimu za jamii ya vitamini A, na za jamii ya vitamini D, mpaka ngozi ifunge. Kama unatumia methotrekseti, ile dawa ya soriasisi ya mara moja kwa wiki, ongea na kliniki kabla ya dozi inayofuata, kwa sababu inaweza kuamsha upya sehemu iliyoungua. Kama unamulikwa na mashine, mwambie mhudumu kabla hujavua shati.

Kisha andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na hesabu wiki mbili mbele. Katika siku hizo usijikune, kata kucha, usivae mkoba begani palipoungua. Kijidoa cha kwanza kikitokea, njoo kikiwa kidogo kama punje ya mtama. Baka dogo lililowahiwa linatulizwa kwa mafuta ya kawaida ya kliniki. Ninachowasihi msifanye ni kwenda kuomba sindano ya steroidi au kununua prednisoloni, vidonge vya steroidi, "ya kukata haraka". Itakata, ndiyo. Halafu ukiiacha, soriasisi inaweza kurudi ikiwa ya vijipu vya usaha mwili mzima, na hiyo tunailaza wodini.

Usisubiri wiki mbili, wala kesho, ukiona haya: homa na kutetemeka, vijipu vya usaha vinavyoenea, ngozi ya karibu mwili mzima imewaka na inabanduka, malengelenge sehemu kubwa, au mgonjwa anachanganyikiwa na hakojoi. Huyo apelekwe hospitali usiku huohuo, kwa gari lolote litakalopatikana.

Kama soriasisi yako inaamka mara kwa mara na hujawahi kupima VVU, pima. Sisemi kwamba unavyo; nasema virusi hivyo vinaweza kuichochea soriasisi, na tukijua tunachagua dawa tofauti.

Nimeona mama mmoja anatazama saa, ana haki, ni adhuhuri. Tutaanza kuwaona wagonjwa ndani, siyo hapa nje. Wazee na wenye watoto watangulie. Nawaomba kila mtu aje na mfuko wa dawa zake zote, za presha, za kienyeji, na yale makopo yasiyo na lebo. Hakuna atakayegombezwa. Wanaoogopa kuvua mbele za watu, kuna pazia na kuna muuguzi wa kike. Na wale mnaokwenda mwani kesho, msiondoke kabla hatujaangalia migongo.